Gia na breki za milima ya pwani, Sanremo hadi Nice

SWALI: Fundi, habari za kazi. Mimi ni mtu wa Tanga, mwaka wa sita huu nafanya kazi Rotterdam. Mwezi wa tisa mimi na wenzangu wawili tunataka kuendesha kutoka Sanremo, Italia, hadi Nice, Ufaransa, na siku moja tupande Col de la Madone, barabara ya mlimani juu ya mji wa Menton. Baiskeli yangu ni ya lami, Shimano 105 ya gia 11, mbele meno 52 na 36, nyuma 12 hadi 25, breki za kubana rimu ya aluminiamu. Nina kilo 82. Huku Uholanzi inanipeleka vizuri tu. Muuzaji ananiambia ninunue mpya yenye breki za diski. Je, ni lazima? Milima yenyewe haifiki hata mita 1,000.

JIBU: Ndugu yangu wa Tanga, salama. Baki na baiskeli yako. Ila hilo neno la “haifiki hata mita 1,000” ndilo lililowaponza wengi waliokuja na magoti yao kwenye karakana niliyokuwa nafanya kazi pande hizo. Pale safu ya Alps inaingia baharini moja kwa moja. Kilele cha Madone kiko mita 927, na wewe unaanzia Menton, upande wa Ufaransa, karibu na usawa wa bahari, kwa hiyo karibu mita zote hizo unazilipa mwenyewe, kwa kilomita 13 hivi. Kama umewahi kupanda kwa baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto, unajua ninachosema: kona baada ya kona, na kila ukidhani umefika, barabara inakuonyesha nyingine juu ya kichwa chako.

Sasa tupige hesabu. Gurudumu lako likizunguka mara moja linakwenda mita 2.1 hivi. Mbele 36 na nyuma 25, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita 3. Ukizungusha mara 70 kwa dakika, na chini ya hapo magoti huanza kunung’unika, unakwenda kilomita 12.7 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 8, ukijumlisha wewe, baiskeli na maji, tuseme kilo 94, mwendo huo unadai karibu wati 290. Watu wa kawaida hawatoi wati 290 kwa saa nzima. Utakachofanya ni kile wanachofanya wote: utashuka hadi mizunguko 50, utasimama juu ya pedeli, na kufika katikati mapaja yamekwisha.

Weka 34 nyuma. Mwinuko uleule, mizunguko ileile 70, unatambaa kilomita 9.3 kwa saa na unahitaji wati 210 hivi. Hapo unaweza hata kuongea na mwenzako. Meno tisa tu, na bei yake haikaribii ya baiskeli mpya.

Lakini usikimbilie dukani. Angalia kwanza ule mkono wa gia wa nyuma, wenye vigurudumu viwili vidogo vinavyovuta cheni. Kama 105 yako ni ya toleo la R7000, upande wa ndani wa mkono huo pameandikwa SS au GS. GS ni mrefu, unabeba gia ya meno 34. SS ni mfupi, mwisho wake 30. Ukiwa na SS chukua kaseti (lile rundo la gia za nyuma) ya 11-30, utahitaji wati 235 badala ya 210, au ubadilishe na huo mkono wa gia. Usidanganywe na anayesema “itaingia tu, fundi hodari ataibana”.

Halafu kuna ringi moja nyembamba ambayo hupotea kila mara. Kaseti za Shimano za 11-34 za gia 11 zimetengenezwa ziingie pia kwenye habu (vitovu vya gurudumu) za baiskeli za milimani, ambazo ni fupi kidogo. Kwenye habu yako ya lami lazima utangulize ringi ya milimita 1.85, kisha kaseti. Bila ringi hiyo unakaza nati mpaka mwisho, inalia “krr” kama kawaida, unaridhika, lakini ukiishika kaseti kwa vidole inacheza. Nimeshafungua kaseti za namna hiyo ambazo mwenyewe alikuwa amerekebisha waya wa gia wiki nzima bila kupata dawa.

Na cheni uliyo nayo itakuwa fupi. Kata mpya: ipitishe kwenye gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, ikutanishe, kisha ongeza pingili mbili. Ukibaki na cheni ya zamani halafu ukajisahau ukaweka kubwa kwa kubwa, mkono utang’oka.

Nikija kwenye breki, muuzaji wako hakusema uongo, amekuza mambo tu. Diski zina raha yake, hasa kwenye mvua. Lakini rimu ya aluminiamu ni rafiki mzuri wa mteremko, maana hupitisha joto haraka na kulitoa kwenye upepo. Ningekuwa na wasiwasi kama ungekuja na rimu za kaboni. Hata hivyo fikiria: kilo 94 zikishuka mita 900, nishati yake inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya bomba. Nishati hiyo lazima iende mahali. Ukikimbia, hewa inakupunguzia sehemu kubwa. Ukishuka umebana breki kidogokidogo njia nzima kwa woga, karibu yote inaingia kwenye rimu, na rimu inaipeleka kwenye tyubu.

Siku moja alitujia bwana mmoja mnene, mtulivu, alikuwa ameshuka kutoka Sainte-Agnès, kijiji cha mlimani juu ya Menton, mkono ukiwa kwenye breki mwanzo mwisho. Barabarani hakupata shida yoyote. Amefika chini, ameegesha, ameagiza kahawa, ndipo tairi la nyuma likalia kama bunduki. Alipoacha kwenda, upepo wa kupoza uliisha, ila joto la rimu likaendelea kuingia ndani. Alikuwa na tyubu za mpira wa asili, zile laini za mashindano. Wewe tumia tyubu za kawaida, na usijaze upepo hadi mwisho ulioandikwa ubavuni mwa tairi.

Breki ishikwe kwa vipindi. Achia kwenye mnyoofu, keti wima kifua kikamate upepo, kisha kabla ya kona bana zote mbili kwa nguvu, mwendo upungue kabla hujainamisha baiskeli, achia, pita. Ni kinyume cha tulivyozoea na zile Phoenix zetu za breki za vyuma, ambazo ulianza kubana ukiwa mtaa wa pili. Ukiona mikono imechoka, simama, utazame bahari.

Mwezi wa tisa una jambo moja la kuogopa, nalo ni mvua ya kwanza. Kiangazi kizima lami imekusanya mafuta, vumbi na mabaki ya matairi; yakilowa yanakuwa sabuni. Tarehe 29 Agosti 2020, Tour de France ilipoanzia Nice, mvua ilinyesha na mabingwa wakaanguka ovyo, hadi mmoja wao, Tony Martin, akanyoosha mikono kuwaomba wenzake wapunguze mwendo. Ikinyesha, kaeni hotelini saa mbili tatu.

Kuhusu njia, siku ya kwanza msipande kitu. Kati ya San Lorenzo al Mare na Ospedaletti reli ya zamani imegeuzwa njia ya baiskeli, kilomita 24, tambarare kama Rotterdam. Kesho yake jaribuni Poggio, kilima cha karibu na Sanremo, kilomita 3.7 za mwinuko usiofika asilimia 4 kwa wastani. Hapo ndipo mashindano ya baiskeli ya Milano–Sanremo mara nyingi huamuliwa, wakati mwingine kwenye mteremko: mwaka 2022 Matej Mohorič alishinda kwa kushuka, akiwa na siti ya kuteremshwa huku akiendesha. Madone ifuate baadaye. Chris Froome, bingwa wa Tour de France mzaliwa wa Nairobi aliyefundwa na mwendesha baiskeli Mkenya David Kinjah, alikuwa akiishi Monaco na kujipimia mlima huohuo. Nyinyi msijipime na muda wake. Upande wa Italia chukueni taa na fulana za kuakisi, maana sheria inazidai ndani ya mahandaki.

Jioni ya kila siku ya kushuka, toa magurudumu utazame raba za breki. Utaona vijipande vinavyong’aa vimejichomeka, hayo ni mabaki ya rimu, na ndiyo yanayoikwangua. Vitoe kwa ncha ya sindano, piga msasa kidogo, rudisha.