Gari la kuvutia boti ya tanga: niliyojifunza kati ya Isamilo na mwaloni

Kwetu boti inalala uani, Isamilo hapa Mwanza, kwa hiyo kila safari ya kwenda mwaloni, pale boti zinaposhushwa ziwani, inaanza kwa mteremko. Jumamosi moja asubuhi, barabara ikiwa bado na maji ya mvua ya usiku, nilishuka na gari letu la familia la viti saba, nikivuta boti ya futi 19. Bodaboda akakatisha mbele yangu. Nikakanyaga breki, gari likapunguza mwendo kama siku zote, lakini tela halikupunguza. Nililisikia mgongoni, msukumo mzito kama wa umati unaokusukuma mlangoni wakati mlango wenyewe umefungwa. Nyuma ya gari ikaanza kuhamia kushoto. Niliachia breki, nikanyoosha usukani, na yule kijana, Mungu ni mkubwa, akawa ameshapita. Mwanangu wa pili alikuwa amekaa kiti cha nyuma kabisa. Kati yake na pua ya boti palikuwa na kioo tu na nafasi isiyofika mita mbili.

Tulipofika chini niliegesha, nikakaa muda mrefu bila kushuka. Kabla ya hapo kila mtu aliyeiona boti aliniuliza swali moja: hili gari litaivuta? Nami nilikuwa nikijibu kwa furaha kwamba linaivuta vizuri sana. Na kweli lilikuwa linaivuta. Kuivuta na kuisimamisha ni kazi mbili, na mimi nilikuwa nimenunua gari la kazi moja.

Nimezaliwa Ukerewe, kwa watu waliovua na kusafiri kwa tanga. Upepo naujua tangu utotoni. Habari za tela sikuzijua kabisa, na sikuona aibu ya kujifunza kwa sababu gharama ya kutojifunza nilishaionja.

Kitu cha kwanza ni uzito, na usikubali kuambiwa, upime mwenyewe. Karatasi za boti yangu zinasema kilo 600, pamoja na madini ya risasi yaliyomo kwenye mkuku, yaani uti wa boti ulio chini yake. Karatasi hazidanganyi, ila zinazungumzia boti tupu. Ongeza tela lenyewe, injini ndogo ya nyuma, petroli, betri, nanga mbili na mnyororo, mlingoti, matanga, madumu ya maji ya kunywa, maboya ya kuvaa ya watu sita, na vile vitu ambavyo mke wangu anaviita "vya dharura" na ambavyo huongezeka kila mwezi. Nilipoipeleka yote kwenye mizani ya wanunuzi wa vyuma chakavu ilisoma kilo 1,140. Gari lililokuwa likiivuta lina kilo 1,300. Uingereza, dereva asiye na uzoefu hushauriwa tela na mzigo wake visizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Kwa gari langu hiyo ni kilo 1,105, na hapo hatujazungumzia vilima vya Mwanza. Mimi kwa mazingira yetu sasa naishi kwa kipimo kikali zaidi: gari liwe na uzito mara moja na nusu ya kinachovutwa, au zaidi.

Tela langu pia halikuwa na breki hata moja. Nchi nyingi za Ulaya haziruhusu tela lisilo na breki zake lizidi kilo 750. Ukiwa juu ya hapo, tafuta tela lenye breki zinazojibana zenyewe: gari linapopunguza mwendo, tela linasukuma mbele, na msukumo huohuo unabana breki za magurudumu yake. Mimi nilibadilisha ekseli nzima. Fedha hiyo iliniuma, lakini ningekuwa na uwezo wa kufanya jambo moja tu kati ya yote ninayoandika hapa, ningefanya hilo, hata kabla ya kubadilisha gari.

Sasa nieleze habari ya mizani ya magunia, kwa sababu sijaona mtu wa kwetu akiizungumzia. Barabara ya Musoma, baada ya Kisesa ambako pamenyooka, kila nilipofika kilomita 80 kwa saa tela lilianza kutikisa mkia. Kidogo kwanza, kushoto, kulia, kisha kila mtikiso ukawa mkubwa kuliko uliotangulia. Nilidhani ni tairi. Shemeji yangu, ambaye anaendesha Canter ya dagaa miaka mingi, aliangalia tela bila kuligusa akasema, "Shemeji, mzigo wako umekaa nyuma. Kichwa chepesi hakiongozi mwili." Tukaenda kwenye mashine ya kukoboa mpunga Igoma, tukamwomba mwenye mashine mizani yake ya magunia, tukaweka pua ya tela, ile ncha ya mbele inayoshikana na gari, juu yake, boti ikiwa na kila kitu ndani. Ikasoma kilo 38.

Pua ya tela inapaswa kulilemea gari kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya uzito wote. Kwa tela za boti wengine huridhika na kidogo kuliko hapo, lakini isishuke chini ya asilimia tano. Kwangu mimi hiyo ni kati ya kilo 57 na 114. Palepale kwenye vumbi la pumba tulilegeza nguzo inayoshika pua ya boti, tukaisogeza boti mbele kama shibiri moja na nusu, tukahamisha nanga na petroli kutoka nyuma kuja mbele. Mizani ikapanda hadi kilo 96. Tulirudi barabara ileile, mwendo uleule, na tela likafuata kama ndama nyuma ya mama yake. Kama lako linatikisa leo na hujapata pa kulipima, usikanyage breki kwa nguvu na usiongeze mwendo ukidhani utalinyoosha. Achia mafuta, shika usukani wima, liache litulie.

Kumbuka pia kwamba hizo kilo 96 zinakaa juu ya gari. Ni kama umepakia mtu mzima mmoja nyuma ya ekseli ya nyuma kabisa. Ukijaza abiria na mabegi pamoja na hizo, springi zinalala, pua ya gari inainuka, usukani unakuwa mwepesi, na taa usiku zinawamulika ndege.

Tukija kwenye gari lenyewe, natazama chasesi kabla ya injini. Gari lenye chasesi ya chuma chini, refu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, hutulia kuliko gari fupi. Kwetu hapa hiyo maana yake ni pikapu ya milango minne kama Hilux, au Prado, au Land Cruiser ya hadtopu. Hilux za dizeli za kizazi kilichoanza 2015 zimo zinazoruhusiwa kuvuta hadi kilo 3,500 kwa tela lenye breki. Zilizotangulia mara nyingi ni 2,500. Soma namba ya gari lako hasa, maana modeli moja huwa na namba tofauti kwa injini na gia tofauti. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yanakuja na kitabu cha Kijapani ambacho hakitaji kuvuta tela kabisa. Ukikosa namba, usijipangie ya kwako. Mimi niliuza la viti saba nikachukua Hilux kuukuu ya dizeli yenye gia za mkono, na nimetulia.

Dizeli nimeipenda kwa sababu nguvu yake inakuja mapema, injini ikiwa inazunguka polepole, na mwaloni hicho ndicho unachokihitaji. Turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi, nayo ina maana kuliko watu wanavyodhani. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu ya kumi ya nguvu zake kwa hewa nyepesi ya huku. Gari la oto si baya, ila oili ya gia huchemka kimyakimya ukipanda na mzigo, kwa hiyo liwe na kipoozeo chake. Rejeta isiwe imezibwa na wadudu na matope. Kwenye mteremko shemeji ana sheria yake, gia uliyopandia ndiyo ya kushukia, na naifuata neno kwa neno.

Chuma cha kuvutia nilikirudia mara mbili. Fundi wa kwanza alikichomelea kwenye bampa. Kilipendeza, kikapakwa rangi nyeusi, na baada ya miezi miwili nikaona ufa mwembamba kama unywele pembeni mwa weldingi. Kifungwe kwa bolti kwenye chasesi, pande zote mbili. Tazama na tufe la chuma linaloshika tela: matela ya Marekani mengi hutumia inchi 2, ya Ulaya milimita 50, na kwa macho yanafanana. Tela la inchi 2 likikaa juu ya tufe la milimita 50 litafunga, litaonekana salama, lakini nafasi ndogo iliyobaki inagongagonga na kula chuma barabara nzima. Na minyororo ya usalama ipishane chini ya pua, ili tela likichomoka pua iangukie juu ya minyororo, isichimbe lami.

Mwaloni ndiko gari hupimwa. Sakafu ya zege chini ya maji huota utelezi wa kijani, na magugu maji yakisukumwa na upepo yanakaa hapo kama mkeka. Gari langu la zamani lilikuwa linavutwa na matairi ya mbele. Ukikaza mafuta kupanda, uzito wote unahamia nyuma, matairi ya mbele yanabaki yanazunguka bure na kutoa harufu ya mpira. Mzee mmoja mvuvi, ambaye nilikuwa namwamkia kila nikija, alikuja na vijana wanne na kamba ya nailoni wakatutoa. Akaniambia, "Mwanangu, hili gari lako linaogopa maji." Gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye gia nzito ya mwendo mdogo, linapanda hapo bila kelele. Hata hivyo kabari naziweka, na hendibreki siiamini peke yake.

Boti yenye mkuku hukaa juu sana ya tela, hivyo tela lazima lizame zaidi kuliko la boti ya injini. Kuna kipande cha bomba nene nilichotengenezewa, cha mita mbili, kinachorefusha pua ya tela ili gari libaki pakavu. Kabla ya kuzamisha naacha magurudumu ya tela yapoe nusu saa na nachomoa waya wa taa. Nilipuuza hilo mwanzoni: beringi zikiwa za moto zikigusa maji baridi hunyonya maji ndani. Nilipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa.

Na muda huo wa kusubiri, inua macho. Mlingoti wa alumini unasimamishwa mahali pasipo na nyaya za umeme juu, wala njiani kuelekea majini. Nimewahi kumzuia jirani mlingoti wake ukiwa umeshafika nusu.

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema, Geita na Chato haina tena foleni ya kivuko, na najua wengi mtaanza kuvuta boti kwenda upande ule. Lina kilomita 3 na upepo wa ziwa unalipiga ubavuni, zaidi alasiri. Mimi hupita asubuhi, kilomita 50 kwa saa, mlingoti umefungwa sehemu tatu. Kama huna gari linalofaa na boti yako inatoka mara mbili kwa mwaka, kodi pikapu yenye dereva kwa siku hizo mbili, na siku nyingine zote iache kwenye boya.