Swali la lugha: Kranberi, mkranberi au zabibu mwitu?

Swali: Ninatafsiri maelezo ya mmea mdogo wa kaskazini mwa dunia, unaoota penye majimaji na kuzaa matunda mekundu yenye ukali. Niliandika "zabibu mwitu ya bwawani". Mwenzangu akapendekeza "kranberi", na mhariri akauliza kama mmea usiofika hata magotini unaweza kuitwa "mkranberi", kwa kuwa kwake m- hiyo ni ya miti. Tuandikeje?

Jibu: Ndugu msomaji, mwenzako yuko sahihi, na wasiwasi wa mhariri wako unaondolewa na Kiswahili chenyewe. Nianze na zabibu. Neno hilo tayari lina mwenyewe: ni tunda la mzabibu, liwe bichi au kavu, na mzabibu ni mmea unaoparamia na kuning'iniza vishada. Mmea unaoueleza hauna undugu wa karibu nao. Ni wa jenasi, yaani kundi la mimea yenye undugu wa karibu, iitwayo Vaccinium, na jina lake la kitaalamu, Vaccinium oxycoccos, lilitolewa na mtaalamu wa mimea wa Uswidi, Carl Linnaeus, mwaka 1753. Ukiandika "zabibu mwitu", msomaji ataona kishada akilini mwake, ilhali matunda haya hukaa moja moja juu ya vikonyo vyembamba kama uzi, mengi yakiwa yamelala juu ya ardhi. Nakiri kwamba hata wataalamu wa mimea wamewahi kuliazima jina la mzabibu, kwani ndugu mmoja wa mmea huu anaitwa Vaccinium vitis-idaea, yaani mzabibu wa Mlima Ida. Lakini jina la Kilatini halimdanganyi mtu jikoni, na jina la Kiswahili linaweza kumdanganya.

Wako wanaopenda kutafsiri maana ya jina badala ya kulikopa. Jina la Kiingereza, ambalo ndilo lililozaa "kranberi", lilitokana na kraanbere ya lahaja za kaskazini mwa Ujerumani, maana yake tunda la korongo, yule ndege wa shingo ndefu. Waswidi nao husema tranbär kwa maana hiyohiyo. Anayelitazama ua la mmea huu kwa karibu huelewa kwa nini ndege huyo anatajwa. Ua huinama kwenye kikonyo chake, petali zake nne za waridi hujikunja nyuma kabisa, na stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, hubaki zimeshikamana na kuchongoka mbele kama mdomo wa ndege. Ni picha nzuri, nami ningetamani tuwe nayo. Tatizo ni kwamba kwetu korongo ni pia bonde jembamba lililochimbwa na maji, kwa hiyo "tunda la korongo" litampeleka msomaji makorongoni, mahali ambapo mmea huu hauoti. Tukope tu.

Tukikopa, tahajia iweje? Kiswahili hakipendi n isimame mbele ya b. Tunasema "nyumba mbovu", na minbar na anbar za Kiarabu zilipoingia kwetu zikawa mimbari na ambari. Kwa kanuni hiyo ulimi wa Mswahili utaelekea "kramberi", na anayeandika hivyo hajakosea. Hata hivyo tanbihi imebaki na n yake hadi leo, nasi tukiandika "kranberi" tunamwachia msomaji njia rahisi ya kulitambua neno. Mimi huandika kranberi. La muhimu ni kuchagua sura moja na kushikamana nayo tangu mwanzo wa maandishi hadi mwisho.

Sasa m- ya mhariri. Ni kweli kwamba mwembe na mchungwa ni miti, lakini m- inayotangulia jina la tunda haipimi kimo. Mtikiti na mtango hutambaa ardhini, mnanasi ni mmea mfupi tu, na hakuna anayeyashangaa majina yao. M- hiyo hutuambia tu kwamba tunautaja mmea unaozaa, si tunda lenyewe, na tofauti hiyo ni hazina ambayo lugha nyingi hazina, kwani kwao neno moja hulazimika kubeba maana zote mbili. Kwa hiyo mkranberi, wingi mikranberi, ni jina halali. Usiuite "mti" tu. Shina lake ni gumu kama la kichaka, lakini ni jembamba mno nalo hutambaa, na majani yake, yasiyopukutika hata wakati wa theluji, yana urefu wa milimita 5 hadi 10 hivi. "Kichaka kidogo kitambaacho" kinatosha.

Kuhusu upatanisho wa tunda, wengine husema "kranberi hili, makranberi haya" kwa kufuata embe na chungwa. Naona afadhali "kranberi hii, kranberi hizi", kwa kuwa matunda madogo tunayoyateka kwa viganja, kama zabibu, tende na zeituni, yamezoea ngeli hiyo. Sisemi kwamba ni sheria, maana kunazi nalo ni dogo na watu husema makunazi bila kusita.

Neno "mwitu" litumie kwa uangalifu. Mkranberi unaolimwa sana Amerika Kaskazini, ambao kilimo chake kilianza Massachusetts mwaka 1816, ni Vaccinium macrocarpon, wenye matunda makubwa zaidi. Nao pia huota porini huko kwao. Ukisema "mkranberi mwitu" hujatofautisha aina, umetaja tu mahali unapoota. Kwa aina yako ningeandika "mkranberi mdogo".

"Bwawani" napo pabadilishwe, kwa sababu siku hizi bwawa humfanya msomaji afikirie maji yaliyozuiwa kwa ukuta, au mahali pa kuogelea. "Ardhioevu" ni sahihi, ila ni pana mno: mito, mikoko na maziwa yamo humo. Mkranberi mdogo huota juu ya zulia la sfagnamu, mimea laini inayofyonza maji kama sifongo na kuyatia asidi, mahali ambapo mabaki ya mimea hayaozi sawasawa kwa kukosa hewa, hivyo hurundikana karne kwa karne. Hapo "kinamasi" kinafaa, mradi uongeze sifa yake: kinamasi chenye asidi.

Limebaki neno "ukali", ambalo kwetu ni la pilipili, la dawa na hata la mbwa. Oxycoccos kwa Kigiriki ni tunda chachu, na uchachu ndio wa kwanza kusikika mdomoni. Unaofuata, ule unaokwaruza ulimi na kutia meno ganzi, una jina lake kamili, nalo ni ukakasi. Sentensi yako basi ningeiandika hivi: "Mkranberi mdogo ni kichaka kitambaacho cha vinamasi vyenye asidi vya kaskazini mwa Ulaya, Asia na Amerika, kranberi zake ni nyekundu, zina ukubwa wa takriban sentimita 1, ni chachu na zina ukakasi."