Skana ya redio kwenye gari: iache nyumbani

Ndugu, nimekuelewa: unasafiri kwa gari kutoka Ohio hadi Florida, na skana ya kusikiliza polisi umeifunga kwenye dashibodi. Kuwa nayo nyumbani hakuna shida. Tatizo ni gari. Utapita Kentucky, na huko, kama Florida, sheria ya jimbo inaikataza garini. Tena usidhani kuitupia kwenye buti kutakuokoa, kwani sheria ya Florida inataja hata kuisafirisha. Wenye leseni ya redio ya ridhaa (ya wapenda redio, si ya biashara) kutoka FCC, tume ya mawasiliano ya Marekani, wameruhusiwa. Kama unayo leseni hiyo, tembea nayo mfukoni. Kama huna, ing'oe skana pamoja na antena. Ukishakamatwa, usibishane barabarani, tafuta wakili wa jimbo hilohilo.