Wasomaji Wanauliza: Nafasi yangu inafutwa, mimba ina wiki 22. Nisaini mkataba wa mshahara mdogo?

SWALI: Ndugu washauri, nawasalimu. Nimefanya kazi kwa mwajiri mmoja miaka 6 na miezi 4, idara ya manunuzi. Wiki iliyopita tuliitwa mmoja mmoja, nikakabidhiwa barua inayosema idara yetu inaunganishwa na ya ghala, na nafasi yangu inafutwa mwisho wa mwezi ujao. Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na mkataba mpya: karani wa ghala, kazi ya zamu, mshahara pungufu kwa asilimia 35. Nimepewa siku 7 kusaini, zimebaki 4. Nina ujauzito wa wiki 22. Mkuu wangu anajua, maana tumbo linaonekana na nimeshaomba ruhusa ya kliniki mara mbili, ila sijawahi kuandika barua. Nikikataa, nani ataniajiri na tumbo hili? Nikikubali, naona kama najishusha mwenyewe. Nifanye nini?

JIBU: Dada, usisaini leo, na usikatae leo. Bahasha moja imebeba mambo matatu yaliyochanganywa makusudi au kwa haraka: kufutwa kwa nafasi yako, ofa ya kazi nyingine, na likizo yako ya uzazi, ambayo hawakuitaja kabisa. Hilo la tatu ndilo linaloamua thamani ya mawili ya kwanza.

Anza na ujauzito, leo hii. Mkuu wako kujua kwa macho hakutoshi. Siku jambo hili likifika kwenye usuluhishi, mwajiri anaweza kusema hakuwa na taarifa. Andika barua ya aya moja kwa afisa utumishi: una ujauzito, tarehe ya matarajio ni hii, utahitaji likizo ya uzazi kuanzia tarehe fulani. Ambatanisha cheti cha daktari au nakala ya kadi ya kliniki. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa mapokezi na tarehe, ubaki nayo. Wakikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe pia, ujinakilishie kwenye anwani yako binafsi, kwa sababu ile ya ofisi hufungwa siku unapoondoka. Sheria ya kazi ya Tanzania inataka taarifa ya likizo ya uzazi itolewe angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ikiwa na cheti cha daktari. Kwa mimba ya wiki 22 hiyo ni karibu na wiki ya 27, kwa hiyo una wiki 5 hivi. Kenya inataka siku 7 tu, lakini kwa hali yako usisubiri.

Sasa kufutwa kwa nafasi. Ujauzito haumzuii mwajiri kupunguza wafanyakazi. Unamzuia kukuchagua wewe kwa sababu ya ujauzito. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unakataza kumwachisha kazi mjamzito isipokuwa kwa sababu isiyohusiana na mimba wala uzazi, na mzigo wa kuthibitisha anaubeba mwajiri. Mkataba huo hufunga nchi zilizouridhia, lakini sheria za Tanzania na Kenya nazo zinahesabu kuachishwa kwa sababu ya ujauzito kuwa si halali.

Kinachotutia shaka katika maelezo yako ni mpangilio. Tanzania, mwajiri anayekusudia kupunguza watu lazima atoe notisi ya kusudio mapema, atoe taarifa zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao kabla ya kuamua: sababu za kupunguza, njia za kuepusha, vigezo vya kuchagua nani aondoke, muda, na kiinua mgongo. Kenya, afisa kazi na mfanyakazi, au chama chake, wanapaswa kuarifiwa kwa maandishi angalau mwezi 1 kabla, na uchaguzi uzingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu kazini. Barua inayokuja na tarehe ya mwisho na mkataba mpya pamoja ni uamuzi uliokwisha kufanyika, na mashauriano ya baada ya uamuzi si mashauriano. Kwa hiyo andika na uulize: ni nafasi ngapi zilizofutwa, vigezo vipi vilitumika, mimi nilipimwaje kwa kila kigezo, majukumu yangu yanahamia kwa nani, na kwa nini sikupewa nafasi nyingine ya ngazi yangu? Maswali matano, ukurasa mmoja. Usiandike hasira wala tuhuma za ubaguzi kwenye barua ya kwanza. Majibu yao, au ukimya wao, ndiyo ushahidi wako.

Tuje kwenye mkataba wenyewe. Wengi hufungua moja kwa moja kwenye mshahara. Wewe anza ukurasa wa mwisho, utafute sentensi ya aina hii: "Mkataba huu unafuta na kuchukua nafasi ya makubaliano yote ya awali." Kama ipo, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba utumishi wako unaendelea kuhesabiwa, miaka yako 6 inaweza kuzikwa hapo. Kisha tazama kama kuna kipindi cha majaribio. Mtu aliyefanya kazi miaka 6 akaingia kwenye majaribio ya miezi 3 wakati tumbo lina wiki 28 hadi 40 amewekwa pabaya sana: katika miezi hiyohiyo atahitaji ruhusa za kliniki, na kila ruhusa inaweza kuandikwa kama udhaifu wa utendaji.

Chukua kalamu tupige hesabu. Mshahara wako wa sasa tuuite 100 kwa mwezi. Mpya ni 65.

Likizo ya uzazi kwanza. Kenya ni miezi 3 kwa malipo kamili. Tanzania ni siku 84 za malipo, au 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Mshahara ukishuka kabla hujaingia likizo, hatari ni kwamba likizo yote italipwa kwa kiwango kipya: miezi 3 inakupa 195 badala ya 300. Hapo pekee umepoteza zaidi ya mshahara wa mwezi mzima, na hujagusa michango ya hifadhi ya jamii, ambayo nayo hukatwa kwa asilimia ya mshahara.

Sasa ukikataa na nafasi ikafutwa. Kwa kanuni ya Kenya, kiinua mgongo ni angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika: siku 90, karibu 300. Ongeza notisi ya mwezi, 100, jumla 400, pamoja na siku za likizo ya mwaka zilizobaki. Kwa kanuni ya Tanzania ni angalau siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10: siku 42, na notisi ya siku 28, yaani siku 70, karibu 233. (Kama notisi unaifanyia kazi, itoe kwenye hesabu, hiyo ni mshahara wa kawaida.) Gawa kwa 65. Fedha ya kuondoka ya Kenya inalingana na miezi 6 na kidogo ya kazi mpya. Ya Tanzania, miezi 3 na nusu. Wewe utaondoka mimba ikiwa na wiki 28 hivi, kwa hiyo ya kwanza inakufikisha mwisho wa likizo ya uzazi, ya pili inaishia wodini. Tena bila mshahara na, mara nyingi, bila bima ya afya. Uliza kwa maandishi tarehe bima inapokoma. Wapo wanaodhani inaendelea hadi mwaka wa bima uishe, kumbe inakatwa siku ya mwisho kazini, na taarifa wanaipata dirishani wakiwa na uchungu.

Kwa hesabu hiyo, maoni yetu ni kwamba kazi mpya isikataliwe moja kwa moja, ila isikubaliwe kama ilivyo. Kukataa kwa ukimya nako kuna mtego. Sheria ya Tanzania inamnyima kiinua mgongo mfanyakazi anayepunguzwa akakataa kazi mbadala bila sababu ya msingi. Mshahara pungufu kwa asilimia 35 na zamu kwa mjamzito ni sababu nzito kwa macho yetu, lakini lazima iwe imeandikwa. Mtu aliyeacha siku 7 zipite bila kujibu hana sababu aliyoitoa.

Barua yako ya kujibu iwe hivi: "Nimepokea ofa yenu ya tarehe fulani. Sijaikataa. Kabla ya kuamua naomba siku 14 zaidi, majibu ya maswali yangu ya tarehe fulani, na marekebisho yafuatayo." Kisha yataje kwa uzito wake. La kwanza ni utumishi kuendelea: "Muda wa utumishi tangu tarehe ya ajira ya kwanza utahesabiwa bila kukatika kwa stahiki zote." Hili lina thamani kuliko nyongeza ya asilimia 5, usilibadilishe kwa fedha. La pili, mshahara wa sasa uendelee hadi urudi likizo ya uzazi, kiwango kipya kianze hapo. Waajiri wengi hulikubali hili kirahisi kuliko kupandisha mshahara, kwa sababu lina mwisho. La tatu, kipindi cha majaribio kifutwe. La nne, ukipunguzwa tena ndani ya miezi 12, kiinua mgongo kikokotolewe kwa mshahara wa zamani. La tano, zamu za usiku na kunyanyua mizigo vitolewe kwenye majukumu. Kwa zamu za usiku Tanzania huombi hisani: mwajiri haruhusiwi kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi 2 ya mwisho kabla ya kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari.

Wakikuita kikaoni, nenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mwenzako unayemwamini, naye aandike. Ukiombwa saini ya kupokea barua, andika juu ya saini yako kwa mkono: "Nimepokea tu, sijakubali yaliyomo," na tarehe. Saini ya kupokea bila maneno hayo baadaye husomwa kama saini ya kukubali. Na usiandike barua ya kuacha kazi hata ukiahidiwa kwamba "itarahisisha malipo." Barua hiyo inageuza kupunguzwa kuwa kuondoka kwa hiari, na kiinua mgongo kinaondoka nayo.

Wakikataa kila kitu na wakakuondoa, saa inaanza kuhesabu siku hiyohiyo. Tanzania, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Kenya, malalamiko kwa afisa kazi ni ndani ya miezi 3, na mahakamani miaka 3. Kuhusu kujishusha: mshahara uliobadilishwa kwa masharti uliyoyaandika mwenyewe haukushushi. Linaloumiza ni kusaini karatasi iliyokuja imekamilika ukiwa umechoka na umeogopa, na wewe bado hujaisaini.

SWALI: Mimi nimeshajifungua, nina wiki 5 nyumbani. Nimepigiwa simu kwamba nafasi yangu imefutwa na nikirudi nitapewa ya chini yake. Lakini kijana aliyeletwa kunishikia bado yupo, anafanya kazi ileile. Je, nisubiri likizo iishe ndipo nidai?

JIBU: Usisubiri. Kazi yako inaendelea kufanywa na mtu mwingine, kwa hiyo kilichofutwa ni jina la cheo, na hapo ndipo nguvu yako ilipo. Sheria ya Kenya inasema unaporudi una haki ya kazi uliyokuwa nayo, au nyingine inayokufaa kwa masharti yasiyopungua ya awali. Mkataba namba 183 nao unataka nafasi ileile au iliyo sawa nayo kwa mshahara uleule. Uingereza imekwenda mbali zaidi: tangu tarehe 6 Aprili 2024, mfanyakazi ambaye nafasi yake inafutwa hupewa kipaumbele kwenye nafasi mbadala inayofaa tangu anapomjulisha mwajiri kuwa ni mjamzito, na kwa aliyechukua likizo ya uzazi kinga hiyo hufika hadi miezi 18 baada ya mtoto kuzaliwa.

Simu haina ushahidi, kwa hiyo igeuze kuwa maandishi leo: "Kufuatia mazungumzo yetu ya simu ya tarehe fulani, mlinieleza kwamba… Naomba mthibitishe kwa maandishi." Omba muundo mpya wa idara na orodha ya majukumu ya aliyekushikia. Hifadhi tangazo lolote la kazi, ratiba au barua pepe inayoonyesha anafanya uliyokuwa ukifanya. Wakikuletea barua ya kuachishwa, siku 30 za CMA zinahesabiwa hata kama unanyonyesha na hujatoka nje ya nyumba. Ukishachelewa, itabidi kwanza uombe kusikilizwa nje ya muda, ukieleza sababu za kila siku iliyopita, na hapo cheti cha hospitali cha kujifungua na kadi za mahudhurio ya kliniki ya mtoto ndivyo utakavyoambatanisha. Ni afadhali kumtuma ndugu akuchukulie fomu sasa, uijaze ukiwa kitandani.