Mistari Mitatu kwenye Sketi Yako

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza mbona ile sketi ya maua uliyoikuta sandukuni ina mistari mitatu iliyopauka kwa chini, na niliwezaje kuishona siku ileile tuliyopanda njegere. Umesema unataka kumfanyia mwanao vivyo hivyo majira haya ya kuchipua. Nimefurahi mno.

Mistari hiyo ni alama za pindo. Ulikuwa na miaka 4, na nilijua utarefuka haraka, basi nikaacha sentimita 12 za kitambaa chini, nikazikunjia ndani na kuzishona kwa mkono, mishono mirefu iliyo rahisi kufumua. Kila mwaka nilifumua, nikashusha sentimita 3, nikapiga pasi. Palipokuwa mkunjo rangi ilikuwa imeshaliwa na jua, na pasi haikuweza kuirudisha. Uliivaa hadi miaka 7.

Sasa siku yenyewe. Asubuhi ilikuwa ya bustani. Mwaka uliotangulia nilikuwa na haraka, nikalima udongo ukiwa tope, ukakauka mabonge magumu kama tofali. Safari hii nilisubiri. Shika udongo, ufumbate kwa nguvu, kisha uguse donge kwa kidole. Likinata, rudi ndani. Likimeguka, anza. Njegere zinavumilia baridi, hivyo hazihitaji kungoja joto kama maharagwe. Tulizilowesha usiku kucha, na wewe ndiye uliyezipanda: kidole chako hadi kiungo cha pili, kama sentimita 3, ndicho kilikuwa kipimo. Shimo moja ulitia tatu kwa pamoja. Sikukuzuia, na wewe usimzuie wako.

Mchana ulipolala nikakaa kwenye cherehani. Kitambaa cha pamba nilikuwa nimekifua na kukikausha siku iliyotangulia. Usiliruke hilo, maana pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, nawe utajikuta na sketi ya mwanasesere. Upana wake uwe mara mbili ya kiuno. Unga ubavu mmoja, kunja juu upate njia ya lastiki, acha uwazi mdogo wa kuipitishia. Lastiki ipungue kiuno kwa sentimita 3 hivi. Haina zipu wala kifungo, ndiyo maana inamalizika kwa siku moja, na mtoto anaivaa mwenyewe.

Mfuko haukuwemo kwenye mpango wangu. Uliamka, ukaja umefumba kiganja, ukakifumbua mbele yangu: njegere tatu zilizobaki, zimevimba, zimeshika joto la mkono wako. Ukaniuliza, "Mama, hizi zitalala wapi?" Nikakata kipande cha mraba kutoka kwenye mabaki, nikakishonea mbele, upande wa mkono wako wa kulia. Ulizitia humo ukaendelea kuzigusagusa hadi usiku, na kesho yake ukazipanda mwenyewe karibu na ukuta. Zilichipua pamoja na zile nyingine.

Utazame mfuko huo vizuri: uzi wake ni wa kijani, kwa sababu mweupe uliniishia na sikutaka usubiri.

Nipimie kiuno cha mjukuu wangu uniandikie. Lastiki ninayo, nitakutumia.

Mama yako