Kuhusu "Tingatinga ya mwenyewe" unayouziwa

Ndugu, umesema unaanza kukusanya sanaa nyumbani kwako Area C, hapa Dodoma, na kuna mtu anakuuzia mchoro "wa Edward Saidi Tingatinga mwenyewe", yule mchoraji Mtanzania aliyeanzisha mtindo wa michoro unaoitwa Tingatinga. Taratibu kwanza. Marehemu alifariki 1972, miaka michache tu baada ya kuanza kuchora. Kazi zake ni chache, za kuiga ni tele. Geuza nyuma: alizoea hadibodi (ubao mwembamba mgumu) na rangi ya mafuta ya kung'aa, kwa hiyo ukikuta turubai, yaani kitambaa cha kuchorea, shuku. Sahihi nayo huigwa.

Mimi ningenunua kwa msanii aliye hai, anipe risiti yenye jina, mwaka na vipimo. Halafu usitundike panapopigwa jua, na hili vumbi letu la Dodoma lifute kwa brashi laini kavu. Kitambaa chenye maji, hapana!