Mtoto kuombwa aingie kwenye utafiti wa dawa ya damu: majibu yangu kwa dada wa Muheza

Dada, nimesoma swali lako na yote yaliyofuata. Nusu ya watu wanakwambia kimbia, nusu wanakwambia kubali maana matibabu ni bure. Kwa wanaoingia sasa: mtoto wake ana miezi minane, na kliniki wamemwomba amwingize kwenye utafiti wa madini ya chuma na makuzi. Watoto watagawanywa kwa kura, wengine wapate dawa yenye chuma, wengine dawa tupu. Atatolewa damu kidogo, na baadaye atapimwa anavyocheza na anavyoanza kusema. Mama mkwe kasema hao ni mumiani. Dada anauliza kama akikataa atanyimwa huduma, na kwa nini mtoto apewe kitu kisicho na kitu ndani.

Mie ni mtu wa Pemba. Nimefanya kazi ya kupita majumbani kwenye tafiti za watoto, na mizani begani na daftari mkononi. Siifanyi tena, kwa hiyo sina bosi wa kumpamba.

Nianze na hiyo dawa tupu, maana ndiyo inayowakera wazazi wengi. Huku kwetu mtoto kupungukiwa na damu halikuwa jambo la kushangaza: malaria, safura, na uji usio na kitu. Mwaka 2001 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kengeja, kusini ya kisiwa. Watoto waliopewa chuma kila siku kwa mwaka mmoja walisonga mbele zaidi katika lugha kuliko wenzao, na wale waliokuwa na damu ndogo sana walisonga pia katika mambo ya viungo, kama kusimama na kutembea. Waliotoa habari za watoto ni wazazi wenyewe, waliulizwa mtoto anaweza nini na hawezi nini. Ukisoma hayo utasema basi wapeni wote, mnangoja nini? Na ushauri wa kimataifa wa wakati ule ulikuwa huo huo: penye upungufu mwingi wa damu, watoto wadogo wote wapewe chuma.

Kisha ukafanyika utafiti mkubwa, hapa hapa Pemba, kuona kama chuma na asidi ya foliki, pamoja na zinki au bila zinki, vingepunguza maradhi na vifo. Kwenye hesabu ya chuma walikuwemo watoto 24,076, wa kuanzia mwezi mmoja hadi miezi 35. Agosti 2003 kamati huru iliyokuwa ikikagua takwimu ikasema makundi ya chuma yasimame. Waliokuwa wakipata chuma na foliki walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kulazwa na ugonjwa mkali au kufa. Yakachapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria.

Hebu fikiria kusingekuwa na kundi la dawa tupu. Mtoto wa Micheweni akifa na homa mwaka ule, nani angeishuku dawa ya kuongeza damu? Watu wangesema malaria, wangesema degedege, wangesema kazi ya Mungu. Asilimia 12 haionekani kwa macho. Mpita majumbani haioni, nesi wa wodini haioni, hata daktari bingwa haioni, kwa sababu kila mmoja anawaona watoto wake wachache tu. Inaonekana pale tu unapoweka maelfu upande huu na maelfu upande ule, na waliogawanywa kwa kura, siyo kwa kuchaguliwa na mtu.

Kuna kipande cha utafiti ule ambacho watu hukiruka. Kundi dogo ndani yake lilifuatiliwa kwa karibu zaidi, likapimwa damu na kutibiwa malaria mapema, na humo watoto waliokuwa na upungufu wa chuma kweli walinufaika. Nepal nako, mahali pasipo na malaria kama yetu, utafiti wa namna hiyo haukuonyesha vifo kuongezeka. Kwa hiyo chuma si sumu. Tatizo ni kumpa kila mtoto bila kujua ana upungufu au hana, mahali penye malaria isiyodhibitiwa. Ndiyo maana ushauri wa siku hizi unataka chuma kiende sambamba na kinga na tiba ya malaria.

Na hapo kwenu Muheza yapo ya kwenu. Hospitali Teule ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa dripu kwa watoto mahututi, pamoja na Kilifi ya Kenya na hospitali kadhaa za Uganda. Madaktari wengi waliamini mtoto mwenye homa kali na mzunguko mbaya wa damu apigwe maji mengi ya haraka mshipani. Mwaka 2011 ikajulikana kwamba katika saa 48 za mwanzo, waliopigwa maji hayo walikufa zaidi: karibu 10.5% dhidi ya 7.3% ya wasiopigwa. Huo nao ulisimamishwa kabla ya wakati. Siku hizi watoto wengi wanaepushwa na maji hayo, na wazazi wao hata hawajui.

Haya, damu. Kwa kupima wingi wa damu mara nyingi ni tone la kidoleni au kisiginoni, linaingizwa kwenye kijibao kidogo cha plastiki, mashine inasoma hapo hapo, na wewe una haki ya kuambiwa namba iliyotoka. Wakitaka damu ya mshipani, uliza ni mililita ngapi na mara ngapi. Hofu ya mama mkwe wako siidharau. Huku pwani mumiani tumesimuliwa tangu utotoni, na tabia ya baadhi ya watafiti ndiyo inayoipa nguvu: gari linakuja, damu inachukuliwa, gari linaondoka, na shehia nzima haisikii tena lolote. Nimefanya kazi kwenye utafiti mmoja ulioisha hivyo, na mpaka leo akina mama wananisimamisha sokoni kuniuliza yale majibu yalikuwaje. Usimkatalie bibi kwa ukali. Waombe hao watu wa utafiti waje nyumbani, wamweleze yeye, tena na mumeo akiwepo. Wakisema hawana muda, umeshajua ni watu wa namna gani.

Upimaji wa makuzi ndio sehemu niliyoipenda. Mnakaa kwenye mkeka, mtoto mapajani kwako. Mpimaji anatoa vibao vya mbao, kikombe, kitambaa. Anaficha kitu chini ya kitambaa mtoto akiona, halafu anatazama: atakifunua, au atasahau kama hakikuwepo? Anampa kibao kimoja mkono huu na cha pili mkono ule, kisha anamsogezea cha tatu aone atafanyaje. Hakuna kufaulu wala kufeli. Lakini mtoto mwenye njaa, mwenye usingizi au mwenye homa hapimiki, atalia tu na matokeo yatakuwa ya uongo. Mwambie mpimaji arudi siku nyingine, usione haya. Uliza pia kama kipimo kimefanyiwa kazi kwa watoto wetu. Wenzetu wa Kilifi walitengeneza cha kwao, chenye vitu ambavyo mtoto wa pwani anavijua, badala ya kumwonyesha picha za vitu ambavyo hata mama yake hajaviona.

Sasa kukataa. Kukataa ni haki yako, na kujitoa katikati pia. Chanjo, mizani na matibabu ya kawaida hayagusiki. Akitokea mtu wa kukutisha na hilo, kwenye fomu ya ridhaa kuna namba ya kamati ya maadili, huko Bara kwa kawaida ni ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mpigie. Fomu ubaki na nakala, uende nayo nyumbani, ulale nayo. Anayekuharakisha usaini hapo hapo kwenye benchi, mkatalie. Na kabla ya kusaini, niulizie haya: mtoto akipata homa usiku nampeleka wapi na nani analipa? Mnampima malaria kila akiumwa? Chandarua mnatoa? Kuna kamati huru inayotazama takwimu katikati ya safari, na ina uwezo wa kuusimamisha? Kwa utafiti wa chuma katika mkoa wa Tanga, wasipokuwa na jibu la swali la malaria, mie wangu nisingemwingiza. Wakilijibu vizuri, ningemwingiza.

Jambo la mwisho, maana uliligusia mwishoni. Ile sirapu ya kuongeza damu aliyokushauri jirani usimwanzishie kwa sasa, wala usichanganye na dawa ya utafiti. Mpeleke apimwe kwanza. Damu ikionekana imeshuka sana, huyo hastahili kuingizwa kwenye kura yoyote, anastahili matibabu siku hiyo hiyo, na utafiti wenye watu makini utakwambia hivyo wenyewe kabla hujauliza.